Hodi ya Mashine: Skripti, Mizani na Istilahi za Mawasiliano ya Seriali na USB

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna programu fupi ya kompyuta inavyoweza kuzungumza na kifaa kilichounganishwa nayo kwa waya wa seriali au wa USB. Mfano mkuu ni mizani ya ghalani ambayo usomaji wake ndio unaoamua malipo ya mkulima. Tunaonyesha kwamba kosa baya zaidi katika mawasiliano ya namna hii si lile linalonyamazisha mashine, bali lile linaloiacha iseme maneno yanayofanana na kweli. Sambamba na hilo tunapendekeza istilahi kadhaa za Kiswahili za kufundishia somo hili, na tunaeleza kwa nini baadhi ya tafsiri zinazoelekea kuwa rahisi zinafaa kuepukwa.

1.0 Utangulizi

Kwa muda mrefu mjadala wa istilahi za kompyuta katika Kiswahili umejikita katika yale yanayoonekana na mtumiaji wa kawaida: kompyuta yenyewe, ambayo vitabu vya Kenya hupenda kuiita tarakilishi; kipanya; kibodi, ambayo wengine huiita baobonye; faili, kabrasha na dirisha. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, uliiendeleza kazi hiyo, nao pia kwa hali ya kazi yake ulishughulika hasa na maneno ya kwenye kioo. Yaliyo nyuma ya kioo, yaani namna mashine moja inavyoizungumzisha nyingine, hayajapata kushughulikiwa kwa kiasi hicho hicho. Mwalimu anayetaka kuyafundisha kwa Kiswahili hujikuta akichota maneno ya kigeni mazimamazima, au akibuni ya kwake ambayo hayavuki kuta za darasa lake.

Katika makala haya hatukusudii kutoa orodha ya maneno. Uzoefu wa uundaji wa istilahi unaonyesha kwamba neno lililobuniwa mbali na kazi yake hudumu katika kamusi na kufa mtaani. Kwa hiyo tutaifuata kazi yenyewe hatua kwa hatua, na kila tutakapohitaji neno tutalitafuta papo hapo. Msomaji asiyewahi kuandika programu asiogope. Mahitaji ni kujua kuhesabu na kuwa na subira.

Neno moja, hata hivyo, linahitaji kuamuliwa mwanzoni. Programu fupi, inayoandikwa kwa lugha kama Python na kusomwa na kompyuta mstari baada ya mstari, tutaiita skripti. Kuna wanaopendelea hati. Pingamizi letu ni kwamba hati tayari imebeba mengi: mwandiko wa mtu, waraka wa kisheria, na hati miliki. Mwanafunzi akiambiwa "fungua hati" hatajua kama anatakiwa kusoma waraka au kuendesha programu.

2.0 Kutoka Simu ya Maandishi Hadi Mlango wa Seriali

Mawasiliano ya seriali ni mawasiliano ya foleni. Habari hukatwa vipande vidogo kabisa, ambavyo ni biti, na kila biti hupita katika waya nyuma ya mwenzake. Wazo hili lina umri mkubwa kuliko kompyuta. Mfaransa Émile Baudot alipata hataza ya mfumo wake wa simu ya maandishi mwaka 1874, akiipa kila herufi alama tano za kuwepo au kutokuwepo kwa umeme. Jina lake limebaki katika kipimo cha kasi kinachoitwa bodi hadi leo. Waya wa simu wa chini ya bahari ulifika Zanzibar mwaka 1879, ukitokea Aden na kuendelea kusini hadi Msumbiji na Durban. Kwa Waswahili jambo hili lilipata jina mapema: simu, neno lenye asili ya Kiajemi ambako sim ni waya. Hivyo mzungumzaji wa Kiswahili anayesema leo kwamba simu yake haina waya anasema, kwa asili ya maneno, kwamba waya wake hauna waya, na hakuna anayeshtuka. Tunalitaja jambo hili kwa sababu wapo wanaodai kwamba istilahi ni lazima ieleze umbo la kitu. Simu haikufanya hivyo, na imefaulu.

Mashine za taipu zilizounganishwa na waya wa simu ndizo zilizokuwa macho na mdomo wa kompyuta za mwanzo. Athari zake zimesalia. Katika mfumo wa Linux, mlango wa seriali bado unaitwa kwa herufi tty, ambazo ni mkato wa jina la mashine hizo za taipu, ingawa wengi wanaoziandika kila siku hawajawahi kuiona hata moja.

Mwaka 1960 chama cha viwanda vya elektroniki cha Marekani kilitoa kanuni inayojulikana kama RS-232, iliyoeleza umeme wa kiasi gani umaanishe nini. Biti ya 1 ni volti kati ya -3 na -15. Biti ya 0 ni volti kati ya +3 na +15. Kilicho katikati hakina maana yoyote. Waya uliotulia, ambao hakuna anayesema, hukaa upande wa 1. Hapa inafaa kutoa tahadhari ya kiutendaji: chipu nyingi za siku hizi hutumia volti 0 na 3.3, au 0 na 5, na kuziunganisha moja kwa moja na waya wa RS-232 ni kuziunguza. Kati yao lazima pawe na chipu ya kubadilisha volti.

Tumekuwa tukitumia neno mlango. Katika Kiingereza neno linalotumika kwa tundu hili lina umbo moja na lile la mahali pa kutia nanga, na mtafsiri mwenye haraka anaweza kuandika bandari. Hilo lingekuwa kosa la maana na la asili pia, kwani yanatokana na maneno mawili tofauti ya Kilatini, na la tundu la kompyuta linatokana na lile linalomaanisha lango. Mlango una faida nyingine: katika Kiswahili hufunguliwa, hufungwa, na hubishwa hodi. Vitendo vyote vitatu vimo katika somo letu.

3.0 Safari ya Herufi Mbili

Tuchukue mizani ya kielektroniki ya aina inayopatikana katika maabara na maghala. Gunia likishawekwa juu yake, mizani hutuma katika waya sentensi ya namna hii:

ST,+00079.60 kg

Herufi mbili za mwanzo ni kichwa cha sentensi. ST ni mkato wa neno la Kiingereza lenye maana kwamba mizani imetulia. Mahali pake panaweza kuwa US, yaani mizani bado inacheza, au OL, yaani mzigo umezidi uwezo. Baada ya mkato inafuata namba, kisha kipimo, na mwisho alama mbili zisizoonekana za kurudi mwanzoni mwa mstari na kushuka mstari mmoja. Hizi nazo ni urithi wa mashine ya taipu, ambako kurudisha kigari na kuzungusha karatasi vilikuwa vitendo viwili.

Herufi S katika mpangilio wa ASCII ni namba 83, ambayo kwa biti saba ni 1010011. T ni 84, yaani 1010100. Mizani haitumi biti hizi hivihivi. Kwanza hutuma biti ya mwanzo, ambayo daima ni 0, ili kuuvunja utulivu wa waya. Hii ndiyo hodi ya kila herufi. Kisha hutuma biti saba za herufi, ikianza na ile ya mwisho kulia. Baadaye hutuma biti ya ukaguzi, na mwisho biti ya kufunga, ambayo ni 1.

Biti ya ukaguzi inatupa nafasi ya kutumia maneno mawili mazuri ambayo hisabati ya Kiswahili imekuwa nayo siku zote: shufwa na witiri. Ikiwa pande mbili zimekubaliana juu ya shufwa, mtumaji huongeza biti moja ili jumla ya biti za 1 iwe shufwa. S ina biti nne za 1, tayari ni shufwa, kwa hiyo inaongezewa 0. T ina tatu, ambazo ni witiri, kwa hiyo inaongezewa 1. Mpokeaji akihesabu na kukuta witiri, anajua kwamba njiani kuna kilichoharibika. Mwanafunzi aliyekutana na shufwa na witiri katika somo la namba, au katika mazungumzo ya sala, hana haja ya kuelezwa zaidi. Tunashangaa kuwaona walimu wakitafuta neno jipya wakati hili lipo.

Kila herufi basi hugharimu biti kumi. Mizani ikitumia kasi ya biti 2400 kwa sekunde, hutuma herufi 240 kwa sekunde, na sentensi yetu yenye herufi 15 pamoja na alama zake mbili za mwisho humalizika katika muda wa takriban sekunde 0.07.

3.1 Kosa linalofanana na kweli

Hakuna kitu katika waya kinachomweleza mpokeaji kasi ni ipi, herufi ni biti ngapi, wala kama kuna shufwa. Mambo haya hukubaliwa kabla, kwa kusoma kijitabu cha mizani na kuyaandika katika skripti. Makubaliano hayo ndiyo itifaki. Kasi ikikosewa, matokeo ni takataka tupu, na yeyote huona kwamba kuna tatizo. Kosa la hatari zaidi ni lile dogo.

Chukulia kwamba mizani inatuma biti saba na shufwa, lakini mwandishi wa skripti ameacha mpangilio ambao programu nyingi huuchukua zisipoelekezwa, yaani biti nane bila ukaguzi. Mipangilio yote miwili ina biti kumi kwa kila herufi. Kwa hiyo mpokeaji hapotezi hatua. Anachofanya ni kuihesabu biti ya ukaguzi kuwa biti ya nane ya herufi. Kila herufi yenye idadi ya shufwa ya biti za 1 inafika salama, na kila yenye witiri inaongezewa 128. Sentensi yetu itasomeka hivi:

SÔ¬+000·9.60 ëç

Tazama tarakimu. Sifuri, 3, 5, 6 na 9 zina shufwa, nazo zinafika zilivyo. 1, 2, 4, 7 na 8 zinaharibika. Nukta na alama ya kujumlisha zinapona. Alama ya kurudi mwanzoni mwa mstari inaharibika, lakini ile ya kushuka inapona, na hiyo inatosha kumfanya mpokeaji aone kwamba sentensi imekamilika. Sasa mwandishi wa skripti anaona herufi za ajabu kwenye kioo, anazidhania kuwa ni uchafu wa waya, na anaiamuru programu izitupe zote zisizo za ASCII. Kinachobaki ni:

S+0009.60

Akichukua namba tu kutoka katika mstari huu, gunia la kilo 79.60 limekuwa la kilo 9.60. Mkulima amepoteza kilo 70 na hakuna taa nyekundu iliyowaka. Zaidi ya hayo, jaribio la mezani linaweza kulificha kosa hili: mzigo wa kilo 60.95 hauna tarakimu hata moja ya witiri, na uzito wake utasomwa sawasawa mbele ya mashahidi.

Ndiyo maana tunashikilia kwamba somo hili haliwezi kufundishwa kwa kukariri amri. Katika maeneo yanayotumia mfumo wa stakabadhi ghalani, kama vile mikoa ya korosho ya kusini mwa Tanzania, uzito ulioandikwa ndio mali yenyewe. Mkulima anaondoka na karatasi, si na gunia. Mtu anayeandika skripti ya kusoma mizani ameshika nafasi ya mtu aliyekuwa akisimama kando ya mizani ya rula na kuisoma kwa sauti. Kwa yule wa zamani mkulima aliweza kuchungulia naye. Kwa huyu wa sasa hawezi.

4.0 Skripti Yenyewe

Skripti ifuatayo imeandikwa kwa lugha ya Python na inatumia maktaba ya pyserial. Majina tuliyoyaweka sisi ni ya Kiswahili. Yale ya lugha yenyewe hayabadiliki.

import serial

mlango = serial.Serial("/dev/ttyUSB0", 2400, bytesize=7, parity="E", timeout=2)
mlango.write(b"Q\r\n")
jibu = mlango.readline()
if not jibu.endswith(b"\n"):
    print("Mizani haijajibu, au jibu limekatika.")
else:
    sentensi = jibu.decode("ascii").strip()
    kichwa, uzito = sentensi.split(",", 1)
    if kichwa == "ST":
        print("Uzito:", uzito)
    else:
        print("Subiri: mizani haijatulia au imezidiwa.")
mlango.close()

Mstari wa pili unafungua mlango na kutaja itifaki: kasi 2400, biti saba, shufwa, ambayo lugha hii huitambua kwa herufi E. Kinachofuata ni muda wa kungoja, sekunde mbili. Bila muda huo, skripti iliyounganishwa na mizani iliyozimwa ingekaa ikisubiri hadi mwisho wa dunia. Mstari wa tatu unatuma herufi Q, ambayo kwa mizani za aina hii ni ombi la usomaji. Mizani nyingine hazingoji kuombwa, hutuma mfululizo. Kwa hizo mstari huu hauhitajiki, lakini usomaji wa kwanza utupwe, kwani huenda skripti imeingia katikati ya sentensi.

Sehemu iliyobaki ni ya mashaka, na mashaka hapa ni wema. Skripti inauliza kama sentensi imefika mwisho. Inadai kwamba kila herufi iwe ya ASCII. Ikiwa sivyo, inasimama na kulalamika badala ya kutupa kimya kimya. Sentensi isiyo na mkato nayo inaisimamisha. Ile SÔ¬ ya hapo juu isingepita kizuizi cha ASCII. Mwisho inakisoma kichwa. Gunia likitupwa juu ya sahani, mizani huyumba, na usomaji wa wakati huo unaweza kuwa juu au chini ya uzito wa kweli. Kukubali sentensi yenye US ni sawa na kumnukuu mtu kabla hajamaliza kusema.

Katika Linux, mtumiaji wa kawaida huweza kunyimwa ruhusa ya kuufungua mlango huu hadi aingizwe katika kundi linaloitwa dialout, jina jingine la zama za simu. Katika Windows milango huitwa COM3, COM4 na kuendelea.

5.0 USB: Mwenyeji na Wageni Wake

Kompyuta nyingi za sasa hazina tena tundu la RS-232. Mizani ya zamani huunganishwa kwa waya wenye chipu ndani yake, inayopokea seriali upande mmoja na kuzungumza USB upande wa pili; hiyo ndiyo sababu mlango katika skripti yetu unaitwa ttyUSB0. Kwa mwandishi wa skripti ni kana kwamba hakuna kilichobadilika. Chini yake kila kitu kimebadilika.

Toleo la kwanza la USB lilitolewa mwaka 1996, likiwa na kasi ya biti milioni 1.5 au milioni 12 kwa sekunde; toleo la pili, la mwaka 2000, lilifikisha milioni 480. Lakini tofauti yake na seriali si kasi tu. Katika seriali pande mbili ni sawa, kila mmoja anaweza kuanza kusema. Katika USB kuna mmoja anayetawala mazungumzo, ambaye ni kompyuta, na wengine hujibu tu. Huyo mmoja tunapendekeza aitwe mwenyeji, na kifaa kinachochomekwa kiitwe mgeni.

Inaweza kudaiwa kwamba hii ni tafsiri ya moja kwa moja ya Kiingereza. Dai hilo lingekuwa na nguvu kama taratibu za USB zisingefanana na za nyumba ya Mswahili kuliko za mahali neno lilikotoka. Mgeni akifika haingii. Kifaa kikichomekwa hakisemi neno. Kinachofanya ni kuunyanyua umeme wa waya mmoja kati ya miwili ya data, kwa kipingamizi cha ohmu 1500. Hiyo ni hodi, na waya ulionyanyuliwa unamweleza mwenyeji kama mgeni ni wa kasi ndogo au kubwa. Mwenyeji akisikia, humkaribisha na kumuuliza habari zake: wewe ni nani, wa ukoo gani, umekuja kwa shughuli gani. Kisha humpa namba ya kukalia. Namba hiyo ina biti saba, na moja, yaani sifuri, imehifadhiwa kwa wale ambao bado wako mlangoni. Ndiyo sababu mwenyeji mmoja hawezi kuwa na wageni zaidi ya 127.

Ukoo wa mgeni ni namba mbili za biti 16, ya mtengenezaji na ya bidhaa. Skripti huzitumia kumtafuta mgeni inayemtaka bila kujali amekaa tundu lipi. Hili lina umuhimu, kwa kuwa majina kama ttyUSB0 hutolewa kwa mpangilio wa kufika. Mizani mbili zikichomolewa na kuchomekwa upya, ile ya kwanza yaweza kuwa ya pili, na uzito wa foleni moja ukaandikwa katika foleni nyingine. Katika Linux, majina yaliyo chini ya /dev/serial/by-id hufuata kifaa chenyewe, na ni heri kuyatumia hayo.

Mahali ambapo istilahi ya Kiingereza inapotosha, Kiswahili kisiifuate. USB ina namna nne za kusafirisha data, na mojawapo, inayotumiwa na kibodi na kipanya, kwa Kiingereza huitwa kwa neno ambalo sisi tungelitafsiri katizo. Mwanafunzi akisikia katizo ataelewa kwamba kibodi humkatiza mwenyeji kauli. Haifanyi hivyo kamwe. Mwenyeji ndiye anayeiuliza kibodi kila baada ya milisekunde kadhaa, "Una jambo?", nayo hujibu ndiyo au la. Tunapendekeza iitwe ulizo la vipindi. Wenye kupenda ulinganifu wa neno kwa neno hawataridhika, lakini anayefundishwa ataelewa.

6.0 Namba 0x0441

Kuna jambo moja katika kanuni za USB ambalo mwanaisimu angepaswa kulijua. Mgeni anapoulizwa jina lake, jina hilo halihifadhiwi katika lugha moja tu. Mwenyeji huanza kwa kuomba maandishi ya namba sifuri, na jibu si maandishi bali ni orodha ya lugha ambazo mgeni anazijua. Kila lugha ina namba yake. Kiingereza cha Marekani ni 0x0409. Kiswahili kimo: ni 0x0441, kikitajwa pamoja na Kenya.

Kwa maneno mengine, tangu orodha hiyo ilipotolewa, mtengenezaji yeyote wa kifaa angeweza kukifanya kijitambulishe kwa Kiswahili bila kuomba ruhusa na bila kubuni kitu. Maandishi huhifadhiwa kwa baiti mbili kwa kila herufi, na maelezo yote pamoja na baiti mbili za utangulizi hayawezi kuzidi baiti 255. Jina laweza basi kuwa na herufi hadi 126. "Mizani ya Ghala", lenye herufi 15 pamoja na nafasi, linahitaji baiti 32. Kwa chipu za siku hizi hicho si kitu.

Msomaji anaweza kujaribu mwenyewe. Kwa maktaba ya pyusb, skripti ya mistari michache humpata mgeni kwa namba za ukoo wake na kuisoma orodha ya lugha zake. Jibu la kawaida ni lugha moja, 0x0409. Hatudai kwamba kuna aliyeifunga milango. Lakini wanafunzi wa vyuo vyetu vya uhandisi hutengeneza vifaa vidogo kila mwaka kwa ajili ya miradi yao, na kuongeza lugha ya pili katika programu ya chipu ni kazi ya alasiri moja. Ingefaa idara za lugha ziwape maneno na idara za uhandisi ziyaweke.

7.0 Ng'ombe na Mashine ya Stakabadhi

Hadi hapa tumesikiliza. Skripti pia husema, na mara nyingi husema kwa mashine ya kuchapa stakabadhi, iliyounganishwa kwa njia ile ile. Kiswahili cha herufi za Kilatini kina bahati: hakina herufi yenye alama juu wala chini, na chote kinaenea ndani ya ASCII. Kifaransa na Kireno havina raha hiyo. Kuna tundu moja tu katika ukuta huu, nalo ni ng'.

Kibodi hutoa alama iliyonyooka, ambayo ni ASCII namba 39. Programu za kuandikia, hata hivyo, huibadilisha kimya kimya kuwa alama iliyopinda, kwa sababu huidhania kuwa ya kunukuu. Alama hiyo iliyopinda haimo katika ASCII. Katika UTF-8 inachukua baiti tatu, E2, 80 na 99. Mashine nyingi za stakabadhi huanza na jedwali la herufi linalojulikana kama namba 437, ambamo baiti hizo tatu ni herufi tatu tofauti. Mfugaji aliyeuza ng'ombe hupewa karatasi iliyoandikwa:

ngΓÇÖombe

Neno la herufi saba limekuwa la tisa, na safu ya bei iliyo kando yake imesukumwa nafasi mbili kulia. Ikiwa karatasi ni nyembamba, tarakimu ya mwisho ya bei huangukia mstari unaofuata.

Tiba ni kuibadilisha alama kabla ya kutuma:

maneno = maneno.replace("\u2019", "'")
mlango.write(maneno.encode("ascii"))

Amri ya pili, kama ilivyokuwa katika kusoma, itakataa kuendelea ikikuta herufi nyingine isiyo ya ASCII. Usiilegeze kwa kuiambia itupe asizozijua: ng'ombe atakuwa ngombe, na kung'oa kutakuwa kungoa, neno ambalo msomaji hulitambua kwa kubahatisha tu.

Kwa anayetaka kuchapa Kiswahili cha herufi za Kiarabu hali ni ngumu zaidi. Huko kila herufi ni baiti mbili katika UTF-8, mwandiko huenda kutoka kulia, na umbo la herufi hubadilika kwa kutegemea jirani zake, kazi ambayo mashine ndogo ya stakabadhi kwa kawaida haiwezi. Njia inayofanya kazi ni kuuchora mstari mzima kama picha ndani ya kompyuta, kisha kuituma picha hiyo kwa nukta, ikiwa mashine inakubali picha. Mstari wa urefu wa nukta 384 na kimo cha nukta 24 ni baiti 1152. Kwa mlango wa kasi ya 9600, wenye biti nane bila ukaguzi, utachukua sekunde 1.2 kufika. Stakabadhi ya mistari ishirini itamfanya mteja asubiri karibu nusu dakika, na hapo ndipo inapofaa kuacha waya wa seriali na kuichomeka mashine moja kwa moja katika tundu la USB.